Trela Alilochagua Baukje

Dada yangu Baukje alianza kutafuta trela mwezi wa Februari, wiki mbili baada ya daktari wa Leeuwarden kumwambia kwamba dawa hazimsaidii tena. Nasema trela, nikiwa na maana ya yale ya likizo, yenye vitanda na jiko ndani, yanayokokotwa nyuma ya gari. Huku kwetu Friesland utayaona uani mwa watu yamefunikwa turubai, yakingoja shule zifungwe. Uani kwa Baukje na mumewe Gerlof halikuwahi kuwepo. Wao walikuwa na ng'ombe.

Mwenye ng'ombe wa maziwa haendi likizo. Gerlof alikuwa nao tisini, na ng'ombe tisini wanakamuliwa alfajiri na jioni, iwe Krismasi, iwe siku ya kumzika mama yako. Walipooana walikwenda kisiwa cha Terschelling wakae siku nne. Siku ya pili baba yake Gerlof akapiga simu hotelini kwamba mtamba mmoja amekwama kuzaa, na bwana harusi akarudi na boti ya jioni. Baukje akaimalizia fungate yake peke yake, akitembea ufukweni na koti la mume wake. Kisa hicho alikisimulia kwenye kila sherehe ya ukoo kwa miaka thelathini na sita. Watu walicheka mpaka machozi, na Gerlof aliinamia sahani yake masikio yakiwa mekundu.

Watoto hawakujaliwa. Walikuwa wao wawili na wanyama wao. Kisha serikali ikataka mashamba yaliyo karibu na hifadhi yafungwe, Gerlof akakubali kwa sababu alikuwa na miaka sitini na tatu na magoti yake yalikuwa yamechoka, na vuli ile malori yakaja mara tatu, banda likabaki tupu. Baada ya hapo aliendelea kuamka saa kumi na nusu alfajiri. Alikunywa kahawa yake amesimama, akavaa mabuti, akaenda kufagia sakafu ambayo hapakuwa na kiumbe wa kuichafua.

Siku ya daktari Gerlof alikuwa kwa mwanasheria akitia saini karatasi za ardhi, kwa hiyo nilimpeleka mimi. Daktari alikuwa mwanamke mtaratibu. Alisema, "Ningekuwa wewe, nisingepanga kitu chochote baada ya kiangazi." Baukje akamshukuru, akamuuliza choo kiko wapi. Tulipofika kwenye maegesho akaniambia, "Siets, Gerlof tutamwambia wamenibadilishia dawa."

"Baukje, siwezi kumdanganya shemeji yangu."

"Hutamdanganya. Nitamdanganya mimi. Wewe utakuwa unakula tu na kunyamaza."

Wiki mbili baadaye akanipigia simu. "Gari lako si lina kulabu nyuma?"

"Linayo. Ya kufungia kibebeo cha baiskeli."

"Basi Jumamosi uje. Tunaenda kuangalia trela."

Alinijua, akanijibu bila kuulizwa. "Si langu mimi. Ni lake. Nikiondoka, huyu mtu atakaa pale dirishani akilitazama lile banda mpaka aote ukungu. Lazima awe na kitu cha kumtoa nyumbani. Likiwa uani, limeshalipiwa, atakosa kisingizio."

"Mwambie basi ukweli."

"Nikimwambia ni lake peke yake hatanunua hata tairi."

Ndivyo tulivyoanza, sisi watatu, kila Jumamosi. Gerlof alikaa mbele karibu nami kwa sababu ya miguu yake mirefu, Baukje nyuma na mto wa kuegemea na chupa ya kahawa.

Trela la kwanza lilikuwa kwenye uwanja wa mwuzaji mmoja karibu na Heerenveen, ambako yalipangwa mengi kama meno. Kijana wa pale alikuwa na viatu vya kung'aa na maneno mengi. Baukje hakumsikiliza. Alipanda ngazi, akavua viatu, akajilaza kitandani.

"Gerlof, njoo ulale."

"Mbele za watu?"

"Umelala na mimi miaka thelathini na sita, leo ndiyo unaona haya? Njoo."

Akajilaza na koti lake. Miguu ikatokeza upande wa pili, ikagonga mlango wa choo. Yule kijana akasema hilo ni toleo la watu wa wastani. "Huyu si wa wastani," Baukje akamwambia, "huyu alilishwa maziwa mabichi. Tuonyeshe jingine."

Gerlof mwanzoni alifuata tu, kama mtu anayepelekwa dukani kununua suruali. Lakini kwenye la tatu nilimwona anabadilika. Alianza kuyakagua matrela jinsi alivyokagua ng'ombe mnadani. Aliyazunguka mara mbili bila kusema neno. Aliyagonga mbavuni kwa vifundo vya vidole, sikio karibu, akitafuta ubao uliooza kwa unyevu. Alifungua kabati la chini akaingiza kichwa kizima na kunusa. Alibonyeza sakafu kwa kisigino kwenye kila kona, akapiga magoti kusoma mwaka wa tairi.

"Huyu ana mapafu mabovu," alisema kuhusu moja, la mwalimu mmoja wa Drachten. Mwalimu akadhani anasemwa yeye.

La nne lilikuwa zuri ila mwenyewe alivuta sigara ndani yake miaka ishirini. La tano lilikuwa limeshauzwa tulipofika. La sita Gerlof alilipenda, Baukje akalikataa kwa sababu swichi ya taa ilikuwa mbali na kitanda. "Usiku utaamka, utajigonga," alisema. Gerlof akacheka. "Sisi wawili tutashindwa kufikia swichi moja?" Mimi nikatoka nje nikajifanya nazungumza kwa simu.

Hilo ndilo lililonitesa, kwamba mtu huyu alikuwa na furaha. Mwezi wa Machi nilimkuta mezani ametandaza ramani ya Norwei, ameshika penseli. Alikuwa ameuliza kwa watu kuhusu barabara na vivuko. "Shemeji, unajua huko milima inaingia baharini moja kwa moja?" aliniambia. "Dada yako hajawahi kuona mlima. Hata mimi sijauona. Tutaenda mwezi wa tisa, watu wakiwa wamerudi makazini." Baukje alikuwa jikoni anakoroga supu ya njegere, amenipa mgongo. Mgongo ule ulikuwa umekonda kiasi kwamba kamba za aproni zilimzunguka mara mbili. Nikala, nikanyamaza, kama nilivyopangiwa.

Jumamosi ya saba tulikwenda mbali kidogo, kijiji kimoja cha mkoa wa Drenthe, nyumba ya matofali yenye miti mikubwa mbele. Mwenyewe aliitwa Harm Oosting, mzee mstaafu mwenye sauti ya chini. Aliuza kwa sababu mkewe hakuweza tena kupanda ngazi zile mbili. Trela lenyewe lilikuwa dogo, rangi ya maziwa, la miaka kumi na miwili. Lilikuwa na vitanda viwili virefu, kila kimoja na dirisha lake, na meza ndogo katikati. Mapazia yalikuwa yamefuliwa na kupigwa pasi. Kwenye droo kulikuwa na vijiko vinne, kila kimoja kimelala mahali pake.

Gerlof aligonga kuta zote. Akanusa makabati yote. Hakusema neno, na mimi nikajua amelipata, maana mnadani pia alikuwa hivyo, kimya chake ndicho kilichokuwa sifa. Akashuka, akapiga magoti penye tairi.

Baukje alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango. Alikuwa amechoka siku ile. Nadhani uchovu ndio uliomfanya asahau kujificha.

"Bwana Harm," alisema, "mtu mmoja anaweza kulifunga hili kwenye gari, bila wa kumwelekeza nyuma?"

"Anaweza, mama. Lina injini ndogo kwenye magurudumu, unalisogeza kwa rimoti mpaka kwenye kulabu. Hata mimi nilifanya peke yangu."

"Na hema la mbele? Mtu mmoja?"

"Hilo lina ubishi kidogo. Lakini mtu mwenye subira, bila upepo, anaweza."

"Subira anayo. Na mlango, mtu akilala peke yake, komeo la ndani ni imara?"

Gerlof akainuka. Aliinuka polepole, mkono mmoja ukiwa bado juu ya tairi.

"Mtu mmoja nani?" akauliza.

"Nimeuliza tu."

"Umeuliza mara tatu."

"Gerlof, mzee wa watu anatusikiliza."

"Asikilize. Mtu mmoja nani, Baukje?"

Gerlof akanigeukia mimi. "Shemeji?"

Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema kwamba dada aliuliza kwa ajili yangu, mimi niliyeachika, ninayeishi peke yangu. Lingekuwa jibu zuri sana, na lilinijia kesho yake nikiwa napiga mswaki. Pale uani nilitazama changarawe. Bwana Harm akasema atakwenda kuweka kahawa, akaingia ndani, Mungu ambariki.

"Keti," Baukje akamwambia mumewe.

"Sitaki kuketi."

"Daktari alisema kiangazi."

"Kiangazi kipi?"

"Hiki, Gerlof. Hiki kinachokuja."

"Na dawa mpya?"

"Hakuna dawa mpya."

Alisimama pale na mikono imening'inia. Nilimwona akihesabu kwa midomo, Aprili, Mei, Juni, kama alivyokuwa akihesabu mimba za ng'ombe. Kisha akageuka, akatoka getini, akaifuata njia ya kando ya mfereji bila kofia. Tulimtazama mpaka akawa kijiti.

Tulingoja zaidi ya saa moja. Bwana Harm alituletea kahawa na biskuti, na mkewe akamfunika Baukje miguu kwa blanketi lililotoka ndani ya trela lile lile. Hakuuliza kitu. Baukje alikunywa kahawa yote. "Nilitaka nimwambie likishanunuliwa," alisema. "Nilikuwa nimepanga na maneno." Akaanza kulia, kidogo, kwa hasira, akijifuta kwa kona ya blanketi la watu.

Gerlof alirudi viatu vimelowa. Alimpa Bwana Harm mkono. "Samahani, mzee. Trela lako halina kasoro. Hatununui."

Tulirudi hivyo mpaka tukaiona minara ya Heerenveen. Hapo Gerlof akasema, akitazama barabara, "Wewe ulikuwepo kwa daktari."

"Nilikuwepo."

"Jumamosi saba umekula mezani pangu."

Baukje akasema kutoka nyuma, "Usimguse Sietske, nilimkataza mimi."

"Sijamgusa. Nasema tu. Jumamosi saba."

Baada ya siku hiyo hakutaka kuniona. Nilipopiga simu, alimpa Baukje ile simu bila salamu. Nilipopeleka mkate, alitoka kwa mlango wa nyuma. Sikumlaumu. Lakini nikwambie kweli, iliniuma kuliko talaka yangu, kwa sababu nilikuwa natumia siku za mwisho za dada yangu nikiwa nimekaa kwenye gari mbele ya nyumba yake, nikijiuliza kama niingie au nirudi.

Katikati ya Aprili simu ikalia asubuhi. Sauti ya Baukje ilikuwa ya chini, kama ya msichana anayepiga simu wazazi wakiwa chumba cha pili. "Siets. Amelileta."

"Nini?"

"Lile la Drenthe. Ameazima gari la jirani yetu Hylke, ameondoka bila kuniaga, nimeamka sioni mtu. Saa tano namwona anaingia getini na trela nyuma. Nikamwuliza, wewe si ulisema hatununui? Akasema, nilikuwa na hasira na wewe, si na trela."

Hakuliegesha uani. Alilifunga kwenye trekta, akalivuta taratibu kwenye nyasi mpaka mwisho wa malisho, penye mfereji mpana ambako ndege wa miguu mirefu hutaga kila mwaka. Pale kuna tuta, na ukikaa nyuma yake huioni nyumba, hulioni banda. Unaona maji, majani na mbingu tu. Ni mwendo wa hatua mia nane kutoka mlango wa jikoni. Alipomaliza kulisawazisha miguu akaja kumchukua Baukje, akamkalisha kwenye trekta juu ya magunia. Akamwambia, "Norwei hatufiki. Pale tutafika."

Waliishi mle majuma saba.

Nilidhani atachoka siku ya tatu, atamrudisha ndani kwenye joto. Wapi! Alivuta waya wa umeme kutoka bandani, akaunganisha waya juu ya waya. Alipeleka mtungi wa gesi, maji, redio, na kile kiti kikubwa cha mkewe, ambacho hakikupita mlangoni, kikawekwa nje chini ya hema. Muuguzi wa kijiji alikuja kwa baiskeli mpaka mwisho wa njia, akavaa mabuti, akamalizia kwa miguu kwenye nyasi. Alisema hajawahi kupata mgonjwa mwenye anwani mbaya namna ile.

Wiki ya pili Gerlof mwenyewe alinipigia simu. "Shemeji, dada yako anataka mkate wa sukari. Lete. Na ulete karata, za kwetu zimepungua malkia wa kopa."

Hilo ndilo lililokuwa neno lake la kunisamehe. Sikungoja jingine.

Nilipofika mvua ilikuwa ikipiga paa la trela, mle ndani kuna joto, na Baukje amelala kwenye kitanda cha upande wa mfereji, mito mitatu mgongoni. Alikuwa amebaki macho na pua. "Karibu hotelini," aliniambia. "Utuwie radhi kwa chakula, mpishi wetu ni mtu wa ng'ombe."

"Mpishi amekuchemshia yai, umekula nusu," Gerlof akasema.

"Lilikuwa gumu kama jiwe la mnada."

"Mnadani hakuna jiwe."

"Basi kama kichwa chako."

Tukacheza karata mezani, Baukje akiiba waziwazi na Gerlof akijifanya haoni. Nilimtazama shemeji yangu akitembea mle ndani, ameinamisha shingo ili asigonge dari, anafika kwenye kitanda kwa hatua moja, kwenye jiko kwa hatua moja, kwenye dawa kwa hatua moja. Ndani ya nyumba yao kubwa Baukje alikuwa akipiga kelele kumwita kutoka bandani. Sasa aligeuza kichwa tu, naye yupo.

"Unajua," Baukje aliniambia siku moja Gerlof alipokwenda kuchota maji, "miaka yote ile sikujua kwamba huyu mtu anaimba akinyoa ndevu. Alikuwa ananyoa bandani." Akafumba macho. "Nimekuwa na wivu na ng'ombe, Siets. Mtu mzima kama mimi."

Mwisho wa Mei maumivu yakazidi. Muuguzi alishauri wahamie ndani, Baukje akakataa, na Gerlof akamsimamia mkewe. Jioni moja, jua bado liko juu kama linavyokuwa huku kwetu miezi hiyo, Baukje alinishika mkono akamwita mumewe aje akae mbele yake.

"Nataka uniahidi, na Siets awe shahidi. Mwezi wa tisa uende Norwei."

"Baukje, pumzika."

"Nitapumzika sana tu. Niahidi."

Gerlof alitazama mikono yake. "Nitaenda."

"Sema unakwenda wapi. Taja miji. Nisije nikafa ukaniambia ulisahau njia."

Akavuta ramani kutoka rafu ya juu ya kitanda. Akaanza kumsomea, taratibu, kwa ile sauti aliyotumia zamani kumtuliza mtamba anayezaa kwa mara ya kwanza. Kivuko mpaka Kristiansand. Usiku mmoja pale. Kisha Stavanger. Kisha Bergen, ambako hazipiti siku mbili bila mvua. Barabara hii hapa ya juu, ina mahandaki chini ya milima, utawasha taa mchana. Hapa utanunua samaki. Hapa utakaa siku mbili. Alipofika Ålesund Baukje alikuwa amelala. Gerlof hakuacha. Aliendelea mpaka Trondheim, kila kituo, kila kivuko, na mimi nikatoka nje nikasimama kwenye nyasi zilizolowa.

Alifariki asubuhi ya tarehe kumi Juni. Gerlof alikuwa amesimama kwenye jiko la gesi, amempa mgongo, anachuja kahawa. Alimwambia kuna ndege na vifaranga wake watatu wanapita chini ya dirisha, atazame. Hakusikia jibu. Akageuka na kikombe.

Alinipigia simu akasema, "Shemeji, ameenda," kisha akaomba radhi kwa kuniamsha.

Tulimzika Jumamosi. Watu walikuwa wengi, nusu yao walikuwa wakulima wenye mikono mikubwa wasiojua waiweke wapi. Bwana Harm na mkewe walikuja kutoka Drenthe, mama yule akitembea kwa fimbo mbili. Sijui nani aliwaambia.

Mwezi wa tisa ukaja. Nilimpigia simu nikamwuliza ameshakata tiketi ya kivuko. Akasema hali ya hewa si nzuri. Nikangoja wiki. Akasema gari la Hylke linatengenezwa. Nikasema chukua langu. Akasema ataangalia. Mwezi wa kumi ukafika, na siku moja baada ya chakula cha mchana nikaendesha mpaka kwake nikiwa nimejaza kifua maneno, maana dada yangu hakupanda kwenye vitanda vya watu akiwa na maumivu ili trela lioze.

Malishoni halikuwepo. Nililiona limeegeshwa bandani, katikati ya ile sakafu safi, na mapazia yamefungwa. Gerlof alikuwa jikoni. Alikuwa na harufu niliyoifahamu na ambayo nilikuwa sijaisikia kwake kwa mwaka mzima, harufu ya majani makavu na maziwa.

"Unakamua," nikamwambia.

"Kwa Hylke. Alfajiri na jioni. Mtoto wake ameumia bega."

"Tangu lini?"

"Julai."

"Julai! Na mimi nakupigia simu nakuuliza habari za kivuko?"

"Keti, shemeji."

"Sikai. Uliahidi mbele yangu. Alikuwa anakufa, Gerlof, akatumia nguvu zake za mwisho kukutafutia kitu cha kushika. Alilala kwenye vitanda saba!"

"Vitano," akasema. "Moja lilikuwa limeuzwa, moja la sigara hakulala."

Nikaketi. Akamimina kahawa, akasukuma kikombe upande wangu. Gerlof ni mtu wa kuchukua muda.

"Nilimdanganya," akasema. "Nilipokuwa nasoma ile miji nilikuwa najua siendi. Sitaki milima, Sietske. Niende nikatazame mlima, halafu nimwambie nani? Nilitaka milima kwa sababu yake. Alidhani nitakufa nikikosa mahali pa kwenda. Mimi ninachohitaji ni kuamka alfajiri pawe na mtu ananingoja. Hata akiwa ng'ombe wa jirani."

"Ungemwambia hivyo basi. Angekuelewa."

"Pengine. Lakini wewe uliona. Nilipokuwa nasoma, alikuwa anapata usingizi. Ilikuwa siku ya nne hajapata usingizi." Akageuza kikombe chake mezani, nusu duara, na tena nusu duara. "Nilisoma kila jioni baada ya hapo. Mara nyingine niliongeza miji isiyokuwepo."

Hasira yangu ilitafuta pa kusimama, ikakosa. Nilikuwa nimemlaumu mtu kwa kosa lile lile nililolitenda mimi, mezani pale pale, na yeye hakunikumbusha.

"Unadhani alijua?" akaniuliza.

Nilitamani nimwambie ndiyo, alijua, aliondoka na amani. Nilitamani pia kumwambia hapana, aliamini, alikuona uko kwenye barabara zile. Sikujua lipi lingemfariji, na sikujua lipi ni kweli.

"Sijui, shemeji," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia. Alisema trela atalirudisha Drenthe kwa Bwana Harm. Mjukuu wao ameoa na analitaka. Alinionya nisiingie kulisafisha, amelisafisha mwenyewe, ila ile ramani ameiacha kwenye rafu yake kwa sababu hajui aiweke wapi. Kisha akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa kumi na nusu, saa ya kukamua jioni. Akavaa mabuti mlangoni, akishika ukuta kwa mkono mmoja kwa sababu ya magoti, akachukua baiskeli.

Nilibaki jikoni kwa dada yangu. Nikaosha vikombe viwili, nikavipangusa, nikavitundika. Nje, Gerlof alikuwa ameshafika barabarani, anaendesha dhidi ya upepo kuelekea kwa Hylke, na ng'ombe walikuwa wameanza kulia.